Kila Tangazo Lina Kwao

Hotuba niliyoitoa Mombasa, Jumamosi asubuhi, mbele ya vijana waliomaliza mafunzo ya kompyuta na wazazi wao. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Assalam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioacha biashara siku ya Jumamosi mje kusikiliza watoto wenu wanaambiwa nini, ahsanteni sana. Nimeombwa nizungumzie kazi za mtandaoni: matangazo yake hutoka wapi, na nani huyahakikisha kabla hayajafika kwenye simu zenu. Nitasema ninayoyajua, pamoja na lile nililolikosea.

Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja wa Mtongwe alivuka feri akaja mpaka mlangoni kwangu, jua la saa nane. "Shikamoo mama," akasema. "Ile kazi uliyotutumia, wanasema imebaki elfu tatu tu." Akanipa simu nisome. Kazi ilikuwa ya kuingiza data, kufanyia nyumbani, malipo kwa dola kila Ijumaa. Alikuwa keshatuma shilingi 2,500 za usajili kwa M-Pesa, pesa zilizotoka kwenye chama cha mama yake wiki ile ile. Sasa walitaka 3,000 za kumfungulia akaunti.

Tangazo lile nililituma mimi. Nililitoa kwenye orodha ya mtu mwingine, naye alilitoa kwingine. Usiku ule nilikaa nikalifuata nyuma, tovuti moja baada ya nyingine, na ile ya nne ilikuwa ukurasa mtupu wenye nembo na namba ya WhatsApp. Kampuni iliyotajwa ipo kweli, ina ofisi zake Ulaya, lakini haikuwa imetangaza nafasi ile wala haikumjua mtu aliyekuwa akiandikiana na kijana wetu. Nilimrudishia mama yake zile 2,500. Alizipokea, akanikaribisha chai, na hakunilaumu hata kwa neno moja. Hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Wengi hapa mwanijua kwa orodha ya kazi ninayoituma kila Jumatatu. Hamjui labda kwamba kabla ya hapo nilikuwa karani wa kliaringi, miaka kumi na moja, nikishinda baina ya bandari na ofisi za forodha kukagua karatasi. Nawaambia haya kwa sababu kile nilichokosea kwenye lile tangazo nisingekikosea kamwe kwenye kontena. Kontena lina namba: herufi nne, kisha tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya mwisho iliyo ndani ya kisanduku chake. Ile ya mwisho hupatikana kwa kupiga hesabu ya zote zilizotangulia. Karani akinakili vibaya, akaandika nane mahali pa tatu, hesabu inakataa na karatasi inarudi. Juu ya hayo kuna sili, ile lakiri ya mlangoni, na kuna hati ya mzigo inayosema ulipakiwa wapi na nani. Mzigo usio na karatasi hautoki getini hata uwe wa nani.

Tangazo la kazi halina tarakimu ya mwisho. Linanakiliwa mara mia na hakuna hesabu inayokataa. Mtu anabadilisha namba ya simu, anaacha nembo, na maneno yote mengine yanabaki ya kweli. Kwa hivyo swali ninaloliuliza sasa kwa kila tangazo, kabla sijaangalia mshahara wala kitu chochote, ni lile la bandarini: limepakiwa wapi?

Tangazo la kweli huzaliwa ndani ya kampuni inayoajiri. Meneja hupewa ruhusa ya kuongeza mtu, maelezo yanaandikwa, kisha yanaingizwa kwenye mfumo wa kupokea maombi. Kampuni nyingi hazijitengenezei mfumo huo, hukodi. Majina mtakayokutana nayo sana ni Greenhouse, Lever, Ashby na Workable. Ukifungua ukurasa wa ajira wa kampuni yenyewe, ukabonyeza nafasi, ukaona anwani ya juu imebadilika ikawa na mojawapo ya majina hayo, usishtuke. Ndipo penyewe.

Mifumo hii ina jambo lililonifurahisha sana nilipolijua. Mingi yake imeacha mlango wazi kwa programu za kompyuta. Programu inabisha hodi, inapewa orodha ya nafasi zote zilizo wazi kwenye kampuni ile, kila nafasi na namba yake na mahali pake. Meneja akiifunga nafasi, inatoka kwenye orodha. Hakuna kuchungulia dirishani wala kuiba cha mtu. Orodha yangu siku hizi sehemu kubwa hutoka mlango huo, na aliyeniandikia programu ya kubisha hodi ni msichana wa Bombolulu aliyekaa kwenye viti kama hivi mlivyokalia.

Kuna njia ya pili. Ndani ya ukurasa wa tangazo, chini ya haya maandishi tunayoyasoma sisi, huwa kuna maandishi mengine ya kusomwa na mashine, yaliyopangwa kwa utaratibu uitwao JobPosting, wa Schema.org, msamiati wa pamoja unaotumiwa na tovuti nyingi. Humo mwajiri hueleza nani anaajiri, tangazo limetoka lini, mwisho wake lini. Ikiwa kazi ni ya mbali huandikwa neno moja kwa herufi kubwa, TELECOMMUTE, na karibu yake hutajwa nchi anazotakiwa mwombaji awe anaishi. Google walianza kuonyesha nafasi za kazi ndani ya utafutaji wao mwaka 2017 wakitegemea maandishi haya, na mwongozo wao unataka neno hilo litumike kwa kazi ifanywayo mbali kwa asilimia 100. Ile ya kwenda ofisini Jumanne na Alhamisi haimo. Je, waajiri wote hutii? Hawatii. Lakini mimi huyasoma maandishi yale ya chini kabla ya yale ya juu, maana mara nyingi juu pameandikwa popote duniani na chini pametajwa nchi moja.

Kisha kuna tovuti ambazo mwajiri hulipa ili atangaze, kama We Work Remotely na Remote OK. Tangazo moja ni mamia ya dola. Ada hiyo inawafukuza matapeli wadogo, na hiyo ni faida. Tapeli mwenye mtaji huiona ni gharama ya biashara, kwa hivyo hata huko mimi sipokei kitu bila ya kukirudisha kwao, yaani kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe.

Yanayobaki ni nakala, na nakala ndizo nyingi zaidi ya vyote. Mtu ana tovuti, anaishi kwa matangazo ya biashara, anahitaji kurasa elfu ili Google imwone. Anazichukua nafasi za watu kwa programu, anazipachika kwake, na akishazipachika hana haja nazo tena. Nafasi imefungwa mwezi wa pili, kwake ingali wazi mwezi wa nane. Wengine huibadilisha tarehe kila asubuhi isomeke ni ya leo. Kijana anakesha kuandika barua ya maombi, bando linaisha, na ile kazi ilishapata mtu wakati wa mvua za masika. Huyu mwenye nakala hakumtapeli mtu shilingi, na akiulizwa atasema yeye anasaidia jamii. Mimi namhesabia makosa. Usiku wa mtu ni mali yake.

Sasa niwaonyeshe jinsi tunavyolikagua tangazo moja, na nimechagua la huduma kwa wateja kwa sababu ndilo mnaloliomba wengi. Limefika kwenye simu yangu limetumwa na mtu ninayemwamini. Sibonyezi kiungo chake. Naandika mwenyewe anwani ya kampuni, naingia kwenye ukurasa wao wa ajira, naitafuta nafasi ile kwa jina. Haipo? Basi kwangu haipo. Sijali limeandikwa kwa Kiingereza kizuri kiasi gani.

Ikiwa ipo, naangalia anwani ya kiungo nilichotumiwa. Hapa nataka mtoe simu. Tuseme kampuni inaitwa Mfano na anwani yake ni mfano.com. Sasa linganisheni ajira.mfano.com na mfano-ajira.com. Ya kwanza ni nyumba ya Mfano, chumba cha ajira. Ya pili ni nyumba ya mtu mwingine aliyeandika jina la Mfano mlangoni. Na hii je, mfano.com.nafasi-leo.net? Mwenye nyumba hapo ni nafasi-leo, na mfano.com limetundikwa kama pazia. Tafuteni mkwaju wa kwanza baada ya jina, ule mstari ulioinama, /, na kama haupo basi anzeni mwisho wa anwani, kisha someni kurudi nyuma, kushoto. Maneno mawili ya mwisho kabla ya ule mkwaju, yaliyotengwa kwa nukta, ndiyo mwenye nyumba. Kwa anwani za kwetu zenye .co.ke, hesabuni matatu. Nimewafundisha hili mama wa miaka sitini wakalishika kwa dakika tano, basi na ninyi mtalishika.

Anwani hizi zina tarehe ya kuzaliwa. Zote husajiliwa, na kwa nyingi tarehe ya usajili iko wazi kwa yeyote anayeuliza. Huduma ya kuuliza iliitwa WHOIS kwa miaka mingi, sasa inaitwa RDAP. Kampuni inasema ina miaka kumi na miwili sokoni, anwani yake imesajiliwa wiki tatu zilizopita. Sina haja ya kuuliza zaidi.

Halafu nasikiliza namna wanavyozungumza. Kampuni yenye watumishi mia nne haifanyi usaili kwa ujumbe wa Telegram bila ya uso wala sauti, haiandiki kwa barua pepe ya bure ya Gmail, haimwajiri mtu kwa dakika ishirini. Na pesa haitoki kwa anayetafuta kazi kwenda kwa mwajiri. Wazazi, hapo ndipo nawaomba msaada wenu, kwa sababu mtoto akishapata matumaini hasikii, na pesa hiyo hutoka kwenu. Iitwe usajili au mafunzo, iitwe kifaa au kufungua akaunti, ni jina tu. Siku hizi kuna ule ujanja wa kupewa vijikazi vya kubonyeza, unalipwa kidogo siku ya kwanza, unalipwa tena, siku ya tatu unaambiwa uweke pesa ili ufungue vijikazi vya malipo makubwa. Marekani Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilipokea malalamiko kama 5,000 ya utapeli wa namna hii mwaka mzima wa 2023. Miezi sita ya kwanza ya 2024 yakafika kama 20,000. Hao ni waliolalamika, katika nchi moja. Wangapi wetu hula hasara wakanyamaza kwa haya?

Tangazo likipita hapo ni la kweli. Lakini la kweli la nani? Hapa ndipo kazi yangu kubwa ilipo, na ndipo nafikiri orodha nyingi zinapowaangusha vijana wetu.

Nikiiambia programu iniletee kila penye neno la Kiingereza remote, inaniletea wauguzi wa kwenda vijiji vya mbali, inaniletea wataalamu wa picha za setilaiti, maana nao wanalitumia neno hilo hilo, na inaniletea matangazo yanayosema waziwazi kwamba kazi hii haifanywi mbali. Hizo ni rahisi kuzitoa. Nzito ni zile ambazo kweli zinafanywa nyumbani, ila nyumbani pawe Marekani. Vijana huniuliza kwa uchungu, mama, intaneti si ni moja? Ni moja, ndiyo. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika nchi kavu hapa kwetu mwaka 2009, TEAMS ukitokea Fujairah, na EASSy ukafuata 2010. Mlango wenyewe wa intaneti ya Kenya uko Mombasa. Lakini mwajiri anayekulipa mshahara ukiwa Kenya anaingia kwenye kodi za Kenya na sheria za kazi za Kenya, na kama hana kampuni hapa inabidi ama akuchukue kama mkandarasi ama alipie kampuni ya kati ikuajiri kwa niaba yake. Wengi hawataki usumbufu huo. Pengine data za wateja wao haziruhusiwi kutoka nje ya nchi yao. Hakuna barua ya maombi itakayoligeuza hilo, hata ikiandikwa na mshairi. Tangazo la hivyo naliondoa. Wapo wanaonilaumu, wasema niwaachie watu wajaribu bahati. Mimi nasema simpi mtu nauli ya basi lisilokwenda kwao.

Saa nazo ni chujio. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa mwaka mzima, Ulaya na Marekani wanazisogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. New York wakianza saa tatu asubuhi yao, hapa ni saa kumi jioni majira yao ya joto, na saa kumi na moja majira ya baridi. Unatoka kazini saa sita au saa saba usiku. Inawezekana, na wapo hapa wanaoifanya, lakini mwenye mtoto mchanga ajue kabla hajaomba. California ndio usiku kucha. Berlin ni saa moja nyuma yetu wakati wa joto, saa mbili wakati wa baridi, na London huongeza saa moja juu ya hapo. Ndiyo maana mnaona orodha yangu imeegemea Ulaya. Nimeacha kuandika saa za kwao. Kila tangazo sasa lina saa ya Mombasa pembeni, kwa Kiswahili, ili hata bibi ajue mjukuu ataingia kazini saa ngapi.

Nafasi zinazofanana tunaziunganisha kwa jina la kampuni na jina la nafasi, maana kampuni moja huweza kuitangaza nafasi moja kwa miji kumi ili ionekane kila mahali. Hilo ni la kompyuta, siwachoshi nalo.

Lisilo la kompyuta ni uzee wa tangazo. Kila Jumapili usiku tunafungua viungo vyote, kimoja kimoja, kwa macho. Programu ingeweza kutufanyia, na mwanzoni tuliiachia. Ukurasa ukifutwa kabisa hujibu 404, yaani haupo, na programu huelewa. Lakini tovuti nyingi haziufuti ukurasa. Huuacha, na juu yake huandika kwa maandishi madogo kwamba nafasi imejazwa. Kwa programu ukurasa huo ni mzima, umejibu vizuri. Kwa mtu aliyekaa na simu yake Kisauni, ni mlango uliochorwa kwa rangi ukutani.

Kuna matangazo ambayo bado yananishinda. Kampuni ni ya kweli, ukurasa ni wao, nafasi iko wazi, na hakuna anayeajiriwa. Wanakusanya wasifu za watu kwa siku za usoni, au wanataka waonekane wanakua. Dalili pekee niliyoiona ni tangazo lile lile kurudi kila mwezi na tarehe mpya. Likirudi mara ya tatu naliweka kando. Huenda nimewahi kuwanyima watu nafasi ya kweli kwa njia hiyo, na nimeikubali lawama hiyo.

Mengine siyaweki, na sijadili. Akaunti za tovuti za kazi, za kukodi au kununua, ambapo unafanya kazi kwa jina la mtu wa nchi nyingine: siku akaunti inafungwa, jasho lako limekwenda na huna wa kumdai, kwa kuwa wewe hukuwapo. Kazi inayoitwa ya mtandaoni kisha inakutaka usafiri: wapo Wakenya walioitwa Thailand kwa kazi za huduma kwa wateja, wakajikuta wamevushwa hadi Myanmar, wamefungiwa ndani wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni, na serikali yetu imelazimika kuwarudisha. Wakala yeyote wa hapa anayesema anatafutia watu kazi, nauliza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha ya waliosajiliwa ipo. Na anayetaka picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, kabla hata hajakuuliza unajua nini, namwondoa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na inataka anayechukua habari zako akueleze anazichukulia nini. Muulizeni. Atakayekasirika, mwacheni na hasira zake.

Yule kijana wa Mtongwe, kwa idhini yake, niwaambie yuko wapi. Yuko pale nyuma, karibu na dirisha. Alipata kazi ya kunakili mazungumzo ya sauti kwa kampuni moja ya Ulaya mwaka uliofuata, na Jumapili usiku huja kukaa nasi mezani. Wiki iliyopita tulianza na matangazo 140. Kufikia saa tano usiku yamebaki 19. Tulibishana sana juu ya la ishirini, kazi ya msaidizi wa mhasibu. Kampuni ni ya kweli, anwani ni yao, ila nchi haikutajwa popote, juu wala chini. Mimi nilitaka tuliweke. Yeye akakataa, akawaandikia kuuliza kama wanachukua mtu aliyeko Kenya.

Hawajajibu bado, kwa hivyo Jumatatu hamkuliona. Kesho tunakaa tena, baada ya swala ya isha, na meza ina viti vitatu vya ziada. Njooni na simu zenye chaji.